Nyumba Ifuate Majira, na Wawili Waipambe Pamoja



Somo letu la leo ni juu ya kupamba nyumba ili ifuate majira ya mwaka. Huenda baba mmoja akataka kugeuza ukurasa akisema, "Hayo ni mambo ya akina mama." Tafadhali, baba, usigeuze. Ugomvi mwingi wa nyumbani hauanzi na mambo makubwa. Unaanza na pazia, unaanza na kiti, unaanza na blanketi ambalo mmoja alilinunua bila mwenzake kujua. Ndiyo maana jambo hili linastahili kuzungumzwa katika ukurasa huu wa ndoa.

Sisi hapa Kenya hatuna theluji kama watu wa Ulaya, lakini majira tunayo. Kuna jua kali la Januari na Februari. Kuna mvua ndefu kuanzia Machi hadi Mei. Kuna baridi ya Juni, Julai na Agosti, hasa kwa watu wa Limuru, Nyandarua, Kericho na Nairobi. Kuna mvua fupi kuanzia Oktoba. Tena sisi Wakatoliki tuna majira mengine juu ya hayo: Majilio, Noeli, Kwaresima, Pasaka na Kipindi cha Kawaida. Nyumba ya Mkristo hupitiwa na majira hayo yote. Je, nyumba yako huyajua, au hubaki vilevile kuanzia Januari hadi Desemba?

MAJIRA NI ZAWADI YA MUNGU

Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 8, baada ya gharika Mungu alimwahidi Nuhu kwamba kupanda na kuvuna, baridi na joto, havitakoma. Kwa hivyo majira si usumbufu tu. Ni ahadi ambayo Mungu anaitimiza mbele ya macho yetu kila mwaka. Na katika kitabu cha Methali, sura ya 31, mke mwema anasifiwa kwa sababu baridi inapokuja watu wa nyumba yake wana nguo za kutosha. Hakungojea baridi imshtue. Alijitayarisha mapema. Sifa hiyo haikuwekwa katika Maandiko bure.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, uliita familia Kanisa la nyumbani. Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ya mwaka 1994 nayo ilichagua kulieleza Kanisa kama Familia ya Mungu. Sasa fikiria: parokiani altare hubadilishwa kitambaa na maua kulingana na kipindi cha Kanisa. Kama nyumba yetu ni Kanisa dogo, kwa nini isionyeshe kipindi tulichomo? Mtoto anayeona kitambaa cha zambarau mezani na kuuliza, "Mama, mbona rangi imebadilika?" tayari ameanza katekesi, hata kabla ya kuja kwa katekista.

MAPAMBO YANAYOLETA VITA

Lakini kupamba kunaweza pia kuvunja amani. Tuchukue mfano. Bwana ni fundi wa magari, bibi anauza mboga sokoni. Novemba, bibi anaona majirani wakileta viti vipya kwa ajili ya Krismasi. Anaona aibu juu ya viti vyake. Anakubaliana na mwenye duka kuchukua viti na kulipa kidogo kidogo, naye bwana anaambiwa vimetoka katika chama. Krismasi inapita vizuri, wageni wanasifu. Januari inafika. Karo inadaiwa, na mwenye duka naye anadai. Bwana anagundua. Anakaa siku tano bila kusema neno, anakula na kutoka. Viti ni vipya, lakini hakuna anayevikalia kwa furaha.

Ni rahisi kumlaumu bibi peke yake. Ni kweli alikosa, kwa maana siri ya pesa ni ufa katika ndoa. Lakini tumwulize bwana pia: ni mara ngapi bibi alimwambia kwamba kiti kimevunjika mguu na yeye akajibu, "Tutaona"? Ni lini aliwahi kusema, "Mama watoto, leo nyumba inapendeza"? Mwanamke ambaye kazi yake nyumbani haionekani na mume hutafuta kuonekana na majirani. Na mume anayeona nyumba ni hoteli ya kulala tu hawezi kushangaa akiachwa nje ya mipango yake.

Wahenga walisema: Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Tunaweza kuongeza kwamba hata viti vya ndani si nyumba, kama wanaovikalia hawazungumzi.

KIKAO CHA MAJIRA

Basi tufanye nini? Napendekeza jambo moja ambalo halina gharama. Mara nne kwa mwaka, kabla ya majira kubadilika, bwana na bibi waketi pamoja kwa nusu saa jioni, watoto wakishalala. Waanze kwa Salamu Maria moja. Halafu wajiulize maswali matatu:

1. Majira yanayokuja yatahitaji nini katika nyumba yetu?
2. Tuna nini tayari ambacho tunaweza kukitumia, kukishona au kukigeuza?
3. Kama ni lazima kununua, tuna kiasi gani, na hatutapita kiasi gani?

Bwana Yesu katika Injili ya Luka, sura ya 14, alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza na kuhesabu gharama. Ikiwa mnara huhesabiwa, hata mapazia yahesabiwe. Na jibu la swali la tatu liandikwe katika daftari ambalo wote wawili wanaweza kulifungua. Palipo na daftari moja, hapana nafasi ya viti vya siri.

Katika kikao hicho bwana asiseme, "Fanya upendavyo," halafu baadaye alalamike. Na bibi asije na uamuzi uliokwisha pikwa, akitaka tu mwenzake atie sahihi.

VITU VYA KUDUMU NA VITU VYA KUBADILISHA

Siri ya nyumba inayofuata majira bila kumaliza pesa ni hii: vitu vikubwa vibaki, vitu vidogo vibadilike. Meza, kabati, viti, kitanda na rangi ya ukuta ni vya kudumu. Vichague viwe imara na vya rangi iliyotulia, kama ya udongo, ya maziwa au ya mbao, ili vikubaliane na rangi yoyote. Vinavyobadilika ni pazia, vitambaa vya viti, mashuka, mkeka, kitambaa cha meza ya sala, na maua. Hivi ni vyepesi, na vingi mama anaweza kuvishona au kuvifuma mwenyewe, au kuvipata sokoni kwenye mitumba.

Tafuta sanduku moja la bati, lile ambalo mtoto alilitumia shule ya bweni. Liwe sanduku la majira. Wakati wa joto huhifadhi blanketi na mapazia mazito. Wakati wa baridi huhifadhi mapazia mepesi. Kabla ya kuweka kitu, kifue na kukianika kikauke kabisa, kwa maana nguo yenye unyevu hushika ukungu. Weka ndani majani makavu ya mwarobaini yaliyofungwa katika kitambaa, wadudu wapungue.

Hata mwenye nyumba ya kukodi ya chumba kimoja anaweza kufanya hivyo. Kwake yeye pazia linalotenganisha kitanda na viti ndilo ukuta wa nyumba. Akiwa na mapazia mawili tu, moja jepesi na moja zito, tayari ana nyumba mbili kwa mwaka.

JUA KALI NA KWARESIMA

Januari hadi Machi ni wakati wa joto na vumbi, na pia wakati wa karo. Nyumba ipunguzwe vitu. Ondoa vitambaa vingi vya viti, kwa maana hukusanya vumbi. Acha vichache vinavyofuliwa kila wiki. Tundika pazia jeupe au la rangi hafifu, ambalo hurudisha mwanga wa jua nje. Fungua madirisha yanayoelekeana asubuhi na jioni ili hewa ipite, na mchana funga pazia la upande wa jua. Wenye nyumba za mabati wanajua jinsi joto linavyoshuka kutoka juu: dari, hata ya bei nafuu, husaidia kuliko pambo lolote la ukutani.

Ni baraka kwamba Kwaresima huanza katika majira haya haya. Kanisa huondoa maua altareni, nasi tunapunguza nyumbani. Juu ya meza ya sala tandika kitambaa cha zambarau, weka msalaba na Biblia, basi. Ukitaka, weka kando kikebe cha Kampeni ya Kwaresima, na kila mmoja atie humo kile alichojinyima. Nyumba iliyopunguzwa si nyumba maskini. Inafundisha watoto kwamba tunaweza kuishi na vichache na bado tukacheka.

Siku ya Jumapili ya Matawi, chukueni tawi lililobarikiwa na kulichomeka nyuma ya msalaba. Likae hapo mwaka mzima. Kwaresima ya mwaka unaofuata mtalirudisha parokiani lichomwe kuwa majivu ya Jumatano ya Majivu. Hilo ni pambo lisilo na bei, na linaunganisha mwaka mmoja na mwingine.

MVUA NDEFU NA PASAKA

Pasaka huja na mvua. Badilisha kitambaa cha zambarau, tandika cheupe. Weka mshumaa na maua, na mapambo haya yadumu siku 50 hadi Pentekoste, kwa sababu Pasaka si Jumapili moja tu. Maua hayanunuliwi, mvua imeyaotesha kando ya njia. Mei ni mwezi wa Mama Maria, kwa hivyo watoto wapewe kazi ya kuleta maua mbele ya sanamu yake. Lakini maji ya maua yabadilishwe mara kwa mara, na sahani za vyungu zimwagwe, maana maji yaliyotuama huzaa mbu.

Neti ni pambo la chumba cha kulala wakati huu. Iwe safi, ining'inizwe vizuri na kuchomekwa chini ya godoro, hasa kwa watu wa nyanda za ziwa na pwani. Mlangoni weka gunia la kupangusia matope. Viti visogezwe mbali kidogo na ukuta ili hewa ipite na ukungu usishike.

Tena tukumbuke kwamba siku hizi mvua haifuati kalenda kama zamani. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu nyingi za kaskazini na mashariki mwa nchi. Halafu Aprili na Mei 2024 mafuriko yalibomoa nyumba na kuua watu. Kwa hivyo tazameni mawingu pamoja na kalenda. Cheti cha ndoa, vyeti vya ubatizo na vya kuzaliwa vitiwe katika mfuko usiopenya maji na kuwekwa mahali pa juu, na bwana na bibi wote wawili wajue ni wapi.

BARIDI YA JUNI HADI AGOSTI

Sasa fungua sanduku. Toa blanketi, toa mapazia mazito. Sakafu ya saruji huwa baridi sana. Tandika mkeka, na juu yake zulia hata kuukuu. Rangi za moto, kama nyekundu, kahawia na ya machungwa, hufanya chumba kionekane na joto. Leso mbili za zamani zikishonwa pamoja na kujazwa vipande vya nguo katikati huwa mfarishi mzuri wa mtoto. Viti visogezwe karibu karibu. Mama mjane wa jirani aalikwe uji wa jioni. Juni ni mwezi wa Moyo Mtakatifu wa Yesu, na familia nyingi zina picha yake ukutani: ipanguseni vumbi, wekeni taa ndogo karibu, msali hapo pamoja.

Hapa lazima niseme neno zito. Usilale kamwe na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Anayeivuta husikia usingizi na kuumwa kichwa, na anaweza asiamke tena. Kila msimu wa baridi huwa tunasikia habari za familia zilizopotea hivyo, wazazi na watoto pamoja. Kufungua dirisha kidogo si kinga ya kutosha ukiwa umelala. Jiko litolewe nje kabla ya kulala. Hili ni jukumu la baba na mama wote wawili, asiwepo wa kusema, "Nilidhani wewe umelitoa."

Vivyo hivyo wale wanaofunika kuta za mabati kwa vitambaa wahakikishe kwamba taa, mshumaa na jiko viko mbali navyo.

MVUA FUPI, MAJILIO NA NOELI

Oktoba ni mwezi wa Rozari. Rozari ya familia itundikwe mahali ambapo hata mtoto anaweza kuifikia. Novemba tunawakumbuka marehemu: picha ya babu au nyanya iwekwe karibu na meza ya sala, na jina lake litajwe.

Jumapili ya karibu na tarehe 30 Novemba, Majilio huanza. Zambarau hurudi. Tengenezeni duara la matawi mabichi lenye mishumaa minne, mitatu ya zambarau na mmoja wa rangi ya waridi kwa Jumapili ya tatu. Kila Jumapili washeni mmoja zaidi. Kama mishumaa ya rangi hakuna, funga utepe wa rangi kwenye mishumaa myeupe. Uzuri wake ni kwamba unafundisha kungoja. Maduka huanza kupiga nyimbo za Krismasi Novemba. Nyumba ya Mkristo hungoja.

Sehemu nyingi za magharibi mwa nchi, akina mama hukandika kuta na sakafu kwa udongo na samadi kabla ya Krismasi, na wengine huchora mapambo kwa udongo wa rangi mbalimbali. Hii ni mila nzuri tusiyofaa kuiona ya kishamba. Baba anayefanya kazi mjini na kurudi Desemba akumbuke kwamba ukuta huo haukujikandika. Asiingie na kuuliza chakula tu. Atazame, asifu, ashukuru, na kesho yake achukue jembe au brashi ya chokaa amalizie sehemu iliyobaki.

Pango la Noeli lilianzia Greccio, Italia, mwaka 1223, wakati Mtakatifu Fransisko wa Asizi alipotengeneza hori lenye nyasi, pamoja na ng'ombe na punda, ili watu waone umaskini wa Bethlehemu. Basi pango halihitaji taa za kumetameta. Watoto wafinyange udongo: ng'ombe, kondoo, Yosefu na Maria. Hori libaki tupu hadi usiku wa tarehe 24, ndipo mtoto mdogo kuliko wote amweke Mtoto Yesu. Lidumu hadi Sikukuu ya Ubatizo wa Bwana. Mkikata tawi la saiprasi, liwekeni mbali na moto, kwa maana likikauka huwaka upesi sana.

NDOA NAYO INA MAJIRA

Mpenzi msomaji, pengine sasa unaona shabaha ya somo hili. Wawili wanaozoea kusema, "Baridi imekuja, tubadilishe nini?" wanajifunza kusema vilevile majira ya ndoa yao yanapobadilika.

Mtoto wa kwanza anapozaliwa, meza ya kioo huondolewa sebuleni na mkeka hutandikwa. Mama mkwe mgonjwa anapoletwa, kitanda chake huwekwa karibu na dirisha, si kule nyuma stoo. Bwana anapopoteza kazi, kile kilichopangwa kununuliwa hungoja, na hakuna anayemcheka mwenzake. Mtoto anapofariki, msiharakishane kuficha nguo zake. Mmoja huenda akataka ziondolewe leo, mwingine akataka zibaki mwezi mzima. Ongeeni, na aliye tayari amngoje asiye tayari. Watoto wote wanapoondoka, nyumba huwa kubwa tena, na wawili hutazamana kama siku ya kwanza. Wale waliokuwa wakizungumza juu ya mapazia kwa miaka 30 watakuwa na la kusema. Wale walionyamaziana watasikia ukimya mkubwa sana.

MASWALI YA KUJADILI (nyumbani au katika Jumuiya Ndogo Ndogo)

1. Mara ya mwisho sisi wawili kuamua pamoja juu ya nyumba yetu ilikuwa lini?
2. Je, kuna kitu kilichonunuliwa kwa siri? Tunaweza kukitaja leo bila hasira?
3. Mgeni akiingia kwetu leo, atajua tuko katika kipindi gani cha Kanisa?
4. Ndoa yetu iko katika majira gani sasa, na inahitaji tubadilishe nini?

TUSALI

Ee Mungu mwenye majira yote, ibariki nyumba yetu. Wakati wa joto utupe kivuli, wakati wa mvua utupe paa, wakati wa baridi utusogeze pamoja. Utujalie tufurahie vichache tulivyo navyo, tusifichane kitu, na tuone kazi ya mikono ya mwenzetu. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.